Miezi Minne Mezani

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Kwenye gereji na kwenye yadi za magari mabovu watu walimwita Kiguu na Njia, na wenye haraka wakafupisha wakamwita Kiguu. Ukimkuta ameketi, ujue kinyozi amemshika kichwa. Chai aliinywa wima. Kamba za viatu alizifunga akiwa ameshafika mlangoni. Siku ya harusi ya binti yake wa pekee alitoka ukumbini mara tatu, kila mara "kidogo tu", na ile picha kubwa ya familia iliyotundikwa sebuleni ina pengo kati ya bibi harusi na mama yake, pengo la kutosha mwanamume mmoja mwembamba. Mpiga picha aliwaambia wasogeleane walizibe. Mama mtu akakataa, akasema baba mtu atarudi sasa hivi.

Kazi yake ilikuwa kutafuta spea. Fundi akikwama na gari ambalo vipuri vyake havipatikani madukani, anampigia Kiguu, naye anaingia mitaani, anazunguka yadi moja hadi nyingine, anapanda juu ya mabati, anachungulia chini ya mabodi yaliyoliwa na kutu, na kabla jua halijazama anarudi na kitu kwapani. Fahari yake haikuwa miguu, ilikuwa macho. Alijua nini kinaingia wapi. "Kioo cha ile kinakaa kwenye hii, ukikata mpira kidogo," angesema, na kweli kinakaa. Futi kamba hakuwa nayo. Vitu vya kupimapima, alisema, ni vya watu wasioona.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke mpole mwenye maneno machache, na kila mtu alimwita Mama Kitinda kwa sababu ya yule binti mmoja. Walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na sita. Kisha binti akajifungua, mama akafunga kabegi kake akaenda kumsaidia, na mwezi ulipokwisha hakurudi. Kiguu akapiga simu.

"Tumegombana?" akauliza.

"Hatujagombana," Mama Kitinda akasema. "Nimechoka tu kuishi na mlango. Kila nikiinua macho, wewe ni mlango unafunguka na kufungwa."

Mtu mwingine angekwenda kukaa na mkewe wayamalize. Kiguu naye alikwenda, sisemi hakwenda. Alikwenda mara mbili. Mara zote mbili alisimama kizingitini, akamsifia mjukuu kuwa ana mapaja, akasema alikuwa anapita tu, akaondoka. Namna gani mtu anakuwa mjinga hivyo na bado anajua boneti ya gari gani inaingia kwenye gari gani, hilo mimi sijui.

Ilikuwa katika kupitapita huko ndipo alipoyaona maboksi. Mtaa wa pili kutoka nyumbani kwake kulikuwa na fundi saa, mzee mwenye kibanda cha upana wa mikono miwili, na kwenye dirisha la kibanda aliweka vitu vya wateja waliohama bila kuvifuata. Kati ya saa zilizokufa na redio moja palikuwa na maboksi manne ya magari ya plastiki ya kuunga mwenyewe, yale ambayo vipande vyote vidogo huja vimeshikana kwenye vijiti, unavikata kimoja kimoja na kuvigundisha. Yote manne yalikuwa yamefunguliwa na yote yamepungua. Lakini juu ya moja palikuwa na picha ya gari lenye pua ambayo Kiguu aliitambua akiwa upande wa pili wa barabara. Akasimama, jambo ambalo lilimshangaza yeye mwenyewe.

Lilikuwa gari lao la kwanza, au sehemu yake. Kwa maana gari lao la kwanza halikuwahi kutengenezwa na kiwanda chochote. Alilitengeneza Kiguu, kijana wakati huo, kwa mizoga ya magari manne. Bodi ya kijani ilitoka kwenye gari moja, milango ya kulia, mmoja una mkwaruzo mrefu, kwenye jingine, buti kwenye la tatu, na boneti ilikuwa nyekundu kwa sababu nyekundu ndiyo iliyopatikana. Humo ndimo alimochukulia mke. Humo walizunguka miaka sita, yeye akiendesha, Mama Kitinda pembeni yake akishona pindo kwa mkono, na siku liliposhindwa kabisa kuwaka walilikabidhi kwa wanunua vyuma chakavu na Mama Kitinda akalia. Kiguu hakumwona akilia. Alikuwa ameshatoka kwenda kutafuta jingine.

"Nataka yote manne," akamwambia fundi saa.

"Yamepungua vipande, bwana. Hakuna gari zima humo."

"Ndiyo maana nayataka."

Kichwani mwake mambo yalikuwa wazi kama mchana. Maneno hayakuwa kipaji chake. Lakini kama Mama Kitinda angeingia ndani siku moja akaliona lile gari, lile lenyewe, lenye boneti nyekundu na mlango uliokwaruzika, angejua bila kuambiwa kwamba anaombwa arudi. Hilo tu ndilo alilolitaka, arudi nyumbani.

Akaondoa mabaki ya vitambaa kwenye meza kubwa ya mkewe ya kukatia nguo, akaweka maboksi, wembe, kibano, msasa na chupa ya gundi iliyokuja na maboksi, akavuta kiti. Dakika kumi hazikufika akawa amesimama. Akakaa. Mguu ukaanza kutikisika wenyewe chini ya meza, meza ikatikisika, tairi nne ndogo zikaviringika zikaanguka, na akatumia saa nzima akizitafuta kwa magoti. Siku ya pili aliunga bodi kabla gundi ya sakafu ya gari haijakauka, kila kitu kikateleza, akakishika kwa nguvu, alama ya kidole gumba ikabaki kwenye paa kama muhuri. Siku ya tatu alifunga mlango akatoka, akazunguka mtaa mara mbili, akarudi akakuta gundi bado mbichi.

Akaenda kwa fundi saa akiwa amefura.

"Gundi yako mbovu."

"Si yangu, na si mbovu," mzee akasema bila kuinua jicho kwenye saa aliyoifungua. "Umeiacha muda gani?"

"Muda wa kutosha."

"Muda wako au muda wake?"

Mzee akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa dozi: kata, safisha ncha, paka kidogo, bana kwa vibanio vya nguo, kisha ondoa mikono. "Hapo pa kuondoa mikono ndipo kazi ilipo. Kaa uiangalie ikibidi. Lakini usiiguse."

Basi akajifunza kukaa. Sitasema alijifunza vizuri. Wiki za kwanza alikaa kama mtu aliye kwenye benchi la hospitali, roho juu, kila pikipiki ikipita nje anageuka. Alikaa huku akijiambia kuna fundi mahali fulani anamsubiri na gia boksi. Simu ikilia kiuno kinainuka kabla ya mkono. Mwishowe akaanza kuizima, na siku ya kwanza aliyoizima alitoka jasho. Lakini ikawa kila jioni akitoka yadi anaosha mikono, anavuta kiti, na giza likiingia bado yumo kitini. Alikata milango kwenye boksi la pili. Buti ilitoka kwenye la tatu, ikakubali kwa msasa kidogo. Dashibodi aliichonga mwenyewe. Kwenye mfuko wa mabaki ya vitambaa alitafuta mpaka akapata kipande cha lile gauni la maua ambalo mkewe alilivaa sana miaka ile, akakata kiasi cha ukucha, akakivisha kiti cha abiria cha mbele kwa kibano. Kazi hiyo peke yake ilimchukua jioni tatu.

Boneti aliiachia mwisho. Aliipata kwenye boksi la nne, gari la kampuni ileile ya lile la kwanza, umbo lilelile, hata mikunjo ileile. Hakuna haja ya kujaribisha, alijua inaingia. Akaipiga rangi nyekundu mara tano, kila mara akisubiri ikauke, akaisugua mpaka ikamrudishia uso wake. Akaiweka juu ya kabati, mbali na vumbi, akawa anaiangalia kama mtu anayeangalia ng'ombe wake.

Mama Kitinda alipiga simu siku ya Ijumaa.

"Jumamosi ya wiki ijayo nakuja kuchukua cherehani na vile vitu vyangu vilivyobaki," akasema. "Utakuwepo?"

Lile swali la utakuwepo lilimchoma kuliko habari ya cherehani. Akasema atakuwepo. Akaweka simu chini akajua maana yake. Mwanamke anayeacha cherehani anaweza kurudi. Anayefuata cherehani ameshahama.

Jioni ileile akateremsha boneti, akaipuliza vumbi, akaiweka kwenye pua ya gari. Ikatumbukia ndani.

Akaitoa, akaiweka tena. Upande huu pengo, upande ule pengo. Alisogeza kushoto, pengo likawa kulia. Ilikuwa imepungua upana wa milimita mbili, na mbele kidogo pia, na kwenye gari la ukubwa wa kiganja milimita mbili ni shimo la kuingiza ngumi. Macho yake yalikuwa hayajawahi kumdanganya tangu aanze kazi ile.

Asubuhi alikuwa kibandani kabla fundi saa hajafungua. Mzee akavaa miwani, akachukua boksi la kwanza, akachukua la nne, akayageuza ubavuni akamwonyesha maandishi madogo ambayo Kiguu hakuwahi kuyasoma.

"Hili ni moja kwa ishirini na nne. Yaani gari la kweli wameligawa mara ishirini na nne. Hili hapa ni moja kwa ishirini na tano. Magari ndugu, lakini hili lilikaushwa zaidi."

"Kampuni moja. Umbo moja!"

"Yadi kwenu hakuna shida hiyo," mzee akasema. "Kule magari yote ni ya saizi moja, saizi ya gari. Ungechukua rula, bwana."

Kiguu akaondoka bila kuaga. Alitembea. Alipita yadi tatu bila kuingia hata moja, akavuka barabara mbili akarudi kwenye ileile aliyotoka, kichwa kinapiga hesabu ya siku. Angeweza kumpa gari lisilo na boneti. Angeweza kuyajaza mapengo kwa puti nene, ule uji mzito wa mafundi wa kuzibia bodi, akapaka rangi juu, na kwa mbali ingeonekana safi. Lakini Mama Kitinda alikuwa mtu wa kushona. Mshono uliopinda aliuona akiwa jikoni. Saa sita mchana ndipo miguu ilipomrudisha nyumbani, imechoka, na hapo tu akavuta kiti.

Akachukua wembe akaipasua boneti katikati kwa urefu. Ile rangi ya mara tano, akaipasua. Akakata ukanda wa plastiki wa milimita mbili, safari hii kwa rula aliyoikuta kwenye droo ya mkewe, akaupachika katikati, akaongeza mwingine mbele, akagundisha, akabana. Jumapili nzima hakugusa. Jumatatu akajaza puti kwenye mishono, na puti ile ilitaka siku mbili, naye alikuwa na siku nne. Akakaa akiitazama. Alikaa amejikumbatia mikono kwapani ili isije ikaenda yenyewe. Alikuwa na hasira na puti, na jua lililokuwa dogo dirishani, na watu wote duniani waliokuwa wanatembea wakati yeye amekaa. Jumatano msasa. Alhamisi rangi ya chini. Ijumaa nyekundu, mara mbili tu, na usiku huo alilala vibaya. Jumamosi asubuhi boneti ikaingia mahali pake, na ukipitisha kidole husikii kitu. Akabakiza kioo cha mbele, akakigundisha kwa gundi ileile ya polepole, akaondoa mikono.

Saa nne gari la mizigo la kukodi likasimama chini ya ghorofa yao. Binti alibaki ndani yake na mtoto. Mama Kitinda akapanda ngazi peke yake.

"Umo," akasema alipomwona, kwa sauti ya mtu aliyekuwa amejiandaa kwa jambo jingine.

"Nimo. Karibu ndani. Karibu, kwako hapa."

Mama Kitinda akaingia, macho yakaenda moja kwa moja kwenye meza yake ya kukatia. Akasimama. Kisha akafungua mkoba akatoa miwani, akainama.

"Ni gari yetu," akasema.

"Ndiyo yenyewe."

"Na ule mkwaruzo wa mlangoni." Akacheka kidogo, kicheko ambacho Kiguu hakuwa amekisikia muda mrefu. "Na boneti yako nyekundu. Tulivyochekwa na watu!" Akainama zaidi, akachungulia kwenye dirisha la upande. "Hiki kitambaa ni cha gauni langu."

"La maua."

Akakaa kwenye kiti. Mwanamke aliyekuja kubeba vitu alivuta kiti akakaa. Kiguu aliona ameshinda. Na kama angefunga mdomo hapo, labda. Lakini mtu aliyejifunza jambo gumu ukubwani hawezi kunyamaza nalo.

"Miezi minne, Mama Kitinda," akasema. "Miezi minne nimekaa kwenye hii meza. Kila jioni! Simu nazima kabisa. Wiki hii boneti ilinikataa, nikaipasua nikaanza upya, na siku mbili nzima nilikuwa nakaa tu, naisubiri puti ikauke. Kukaa! Mimi! Muulize fundi saa kama naongopa. Sasa hivi mimi nakaa, mke wangu. Naweza kukaa."

Alitarajia acheke tena. Mama Kitinda akavua miwani, akaikunja polepole.

"Unakumbuka mimi hicho kiti nilikikaliaje?" akauliza.

"Ulikuwa unashona."

"Nilikuwa nasubiri. Unaegesha nje ya yadi, unasema unaingia unatoka. Nimemaliza magauni mazima humo. Mimba ya Kitinda nimeibeba humo, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi." Hakuwa amepandisha sauti. "Sikukuchukia. Nilijiambia huyu hawezi, ndivyo alivyo. Nikakusamehe kama unavyomsamehe kiziwi asiyeitikia. Miaka ishirini na sita nimekusamehe hivyo, na imenisaidia kuishi. Leo unaniambia ulikuwa unaweza."

"Lakini nilikuwa nakaa kwa ajili yako!"

"Nikiwa sipo."

Miguu ikamwambia Kiguu toka, shuka, nenda popote. Hakutoka. Alisimama pale ameshika ukingo wa meza, na aibu ikampanda, kwa sababu alikuwa amelielewa jambo lile lote kwa mara moja na hapakuwa na kipande chochote cha kuliziba.

Mama Kitinda akainuka. Wakafunga vitu pamoja, kama watu wanaofanya kazi ya jirani. Kiguu akabeba cherehani mpaka chini, akaifunga kamba, akambusu mjukuu kichwani, na binti akamtazama baba yake usoni kisha akatazama pembeni. Aliporudi juu alimkuta mkewe amesimama mezani na mkoba begani.

"Hii naichukua," akasema.

"Ni yako. Nilikutengenezea wewe."

"Nachukua hiyo miezi minne," Mama Kitinda akasema. "Ile mingine siwezi kuipata tena, basi hii iwe yangu."

Akaliinua gari kwa mikono miwili. Kiguu akanyoosha mikono yake chini ya mikono ya mkewe, bila kumgusa.

"Usiliinamishe," akasema. "Kioo cha mbele bado hakijashika. Kinataka muda."

"Muda gani?"

"Mpaka kesho mchana."

"Nitasubiri," akasema mkewe, ameshafika ngazi ya kwanza. "Kusubiri mimi nimezoea."